Sura na Alama: Uwakilishi wa Wahusika katika Michezo ya Video ya Kifantasia

Mjadala kuhusu uwakilishi wa wahusika katika michezo ya video ya kifantasia umeegemea mno upande wa sura: nani anaonekana, ana rangi gani, na anapewa nafasi ipi katika hadithi. Makala hii inaangalia upande wa pili, usioonekana kwa urahisi lakini unaomwongoza mchezaji kwa nguvu zaidi, yaani kanuni za hesabu zinazoamua mhusika wa asili fulani aweze nini na ashindwe nini.

Katika michezo hii mchezaji huanza kwa kumuumba mhusika wake. Huchagua jina, jinsia, umbo na asili: binadamu wa nchi fulani, elfi, orki, au mmoja wa wale watu wafupi wenye ndevu wachimbao madini milimani. Asili hiyo haikuwa pambo. Tangu Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na ambao ni chimbuko kuu la utanzu huu, asili ya mhusika imeweka mipaka ya uwezo wake. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilifika hadi kuwawekea wahusika wa kike kikomo cha nguvu kilicho chini ya kile cha wanaume.

Michezo ya video ilirithi hesabu hizo. Mfano ulio wazi ni The Elder Scrolls III: Morrowind, wa mwaka 2002. Humo binadamu wamegawanywa katika makundi manne. Redguard ndio weusi. Kwao ni nchi ya jangwa, na wanasifiwa kwa upanga. Kiwango chao cha akili cha kuanzia ni 30, ilhali Imperial wana 40 na Breton 50. Wasiokubaliana na lawama hukumbusha kwamba Nord, watu weupe wa kaskazini, nao wamepewa 30. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtafiti anayeiruka huidhoofisha kazi yake mwenyewe. Lakini haimalizi jambo. Anayetaka binadamu mweupe mwenye akili nyingi ana pa kumpata, kwa kuwa weupe wamegawanywa katika makundi kadhaa yenye vipawa tofauti. Weusi wana kundi moja tu, hivyo alama ya kundi hilo inageuka kuwa alama ya rangi nzima. Dosari, basi, imo zaidi katika uchache wa makundi kuliko katika tarakimu yenyewe, na wala haihitaji mbunifu mwenye nia mbaya ili itokee. Skyrim, mchezo wa mwaka 2011 katika mfululizo huohuo, uliondoa kabisa kipimo cha akili, ingawa ulibakiza tofauti za stadi.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja mwaka 2020. Wachapishaji wa Dungeons & Dragons walikiri kwamba orki na elfi weusi walikuwa wamesawiriwa kwa lugha inayofanana na ile iliyotumiwa kudhalilisha jamii halisi za watu. Mwaka huohuo walimruhusu mchezaji kuhamisha alama za asili apendavyo, na mwishoni mwa 2022 wakatangaza kuliacha neno la Kiingereza lenye maana ya mbari na kutumia lile la spishi. Katika kitabu cha mwaka 2024 alama zimeondolewa kwenye asili na kufungwa kwenye malezi na kazi ya awali ya mhusika. Hapo limezuka jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha: kwa kanuni hizo, aliyelelewa mwanazuoni anaweza kuongezewa akili, ila aliyelelewa mkulima hawezi. Ubaguzi wa nasaba umetolewa kwa mlango wa mbele, na wa tabaka umeingia kwa wa nyuma.

Kuhusu sura, mvutano maarufu ni ule uliozuka juu ya The Witcher 3, uliotengenezwa Poland mwaka 2015. Wahakiki walilalamika kwamba binadamu wake karibu wote ni weupe. Watetezi walijibu kuwa kazi hiyo imechota kwenye ngano za Kislavoni, na kwamba taifa lililowahi kugawanywa na madola jirani lina haki ya kusimulia ya kwake. Jibu hilo lina uzito kuliko lile la kudai uhalisia katika ulimwengu wenye mazimwi. Isitoshe, mchezo wenyewe unazungumzia ubaguzi waziwazi, isipokuwa wanaonyanyaswa humo ni maelfi na jamii nyingine zisizo za binadamu.

Kwa Kiswahili suala hili litajitokeza kwanza katika tafsiri. Mfasiri wa michezo hii atatafuta neno la kuita yale makundi ya asili. Akichagua “kabila”, sentensi isemayo kwamba kabila fulani lina akili pungufu haitasomeka Bujumbura au Eldoret kama kanuni ya mchezo. “Mbari” hudokeza ukoo, na “spishi” hunukia maabara. Ugumu zaidi uko kwa wale wachimba madini. Neno linalokuja haraka ni “mbilikimo”, ambalo pia limetumika kwa Wambuti na Watwa wa misitu ya Kongo na eneo la Maziwa Makuu, aghalabu kwa dharau. Kulitumia kwa viumbe wa kubuni ni kuwaweka watu walio hai, ambao bado wanadai ardhi na uraia kamili, katika orodha moja na maorki. Istilahi ya kutohoa, hata ikiwa ngeni masikioni, ina madhara machache kuliko neno hilo la kienyeji, na wanaoandaa miongozo ya istilahi za teknolojia wana nafasi ya kuliamua hili kabla soko halijaliamua.