Ndani ya Bomba: Kweli au Si Kweli?

Inamisha dumu la lita 20 lililojaa maji. Halimimini kwa utulivu hata kidogo: linatapika maji, linameza hewa, linatapika tena, gub, gub, gub. Maji na hewa vinagombea mdomo mmoja. Sasa fikiria bomba la kilomita nyingi chini ya bahari, lenye mafuta, gesi na maji kutoka kisimani, na mhandisi anayetakiwa kukadiria kwa kompyuta nini kitatoka upande wa pili. Kuhusu kazi hiyo bila shaka umeshasikia mengi. Tuyapime.

"Mafuta na maji hayachangamani."

Kweli, yakitulia. Aliyekufundisha hivyo jikoni hakukudanganya. Lakini yakisukumwa kwa kasi bombani hukatikakatika kuwa matone madogo sana, na mchanganyiko wake unaweza kuwa mzito kuliko mafuta yenyewe. Modeli ya kompyuta inayodhani kila kimoja kimelala kwenye tabaka lake itakosea hesabu ya nguvu ya pampu.

"Kompyuta ikiwa na nguvu za kutosha, vipimo vya nini?"

Uongo, na huu ndio unaonikera kuliko yote. Bomba linaloleta gesi ya Snøhvit hadi kisiwa cha Melkøya, Norway, lina urefu wa kilomita 143. Hakuna kompyuta itakayofuatilia kila kiputo na kila tone humo. Modeli hugawa bomba vipande vipande, na katika kila kipande hutumia kanuni fupi: gesi inayakokota maji kwa nguvu gani, inayatangulia kwa kasi gani. Kanuni hizo hupatikana kwa kupima. Programu maarufu ya OLGA, iliyoanza kuandikwa Norway mwaka 1980, ilikomaa kwa data ya bomba kubwa la majaribio lililojengwa Tiller, karibu na Trondheim. Kanuni ikikosea, bonge la maji huwasili kiwandani likiwa kubwa kuliko tangi lililojengwa kulipokea.

"Viputo hupanda katikati ya bomba."

Si kweli kwa vyote. Hapa ndipo picha zilipofanya kazi ambayo hesabu peke yake isingeweza.

Mwaka 1998 Horst-Michael Prasser na wenzake wa Rossendorf, kitongoji cha Dresden, Ujerumani, walichapisha maelezo ya kihisi cha nyaya. Nyaya nyembamba hutandazwa kukatiza bomba, kisha safu nyingine hupita juu yake kwa kukingama, bila kugusana. Maji hupitisha umeme, hewa haipitishi. Basi kila makutano hujibu swali moja: hapa pana maji au hewa? Nyaya 16 kwa 16 zina makutano 256, na vihisi vilivyofuata viliuliza swali hilo hadi mara 10,000 kwa sekunde. Ukizipanga picha hizo kama kurasa za kitabu, kila kiputo kinajitokeza na ukubwa wake.

Katika maji yanayopanda, viputo vidogo vilionekana vimejibana ukutani, na vikubwa vimekusanyika katikati. Akio Tomiyama wa Japani, aliyechunguza kiputo kimoja kimoja, alionyesha sababu: kiputo kikikua hubonyea, na nguvu inayokisukuma pembeni hugeuka upande. Kwa hewa na maji, mpaka uko kwenye milimita 5 hadi 6. Modeli yenye viputo vya saizi moja haiwezi kulionyesha hilo, ndiyo maana sasa vinagawanywa kwa makundi, kila kundi na mwendo wake.

"Wavu wa nyaya huvuruga mtiririko, kwa hiyo picha yake haifai."

Nusu kweli. Kiputo kikishapita wavuni hukatwakatwa, lakini kipimo kimechukuliwa kikiwa bado kinapita. Maji yakienda polepole sana, tahadhari inahitajika. Na pasipofaa kuingiza nyaya, au palipojaa mafuta yasiyopitisha umeme, elektrodi hubandikwa kuzunguka bomba kwa nje: 12 zinatoa jozi 66 za kupima. Picha yake ina ukungu, ila haigusi chochote.

"Fundi mzoefu hujua kwa sikio."

Kweli, na anastahili heshima yake. Bonge la maji likigonga kona, bomba hutikisika na shinikizo hupanda na kushuka. Huko Olkaria, Kenya, visima vya jotoardhi hutoa mvuke na maji ya moto kwa pamoja, na mchanganyiko wa namna hiyo haupiti kimya. Sikio litamwambia fundi kwamba bonge limepita. Halitamwambia lilikuwa na urefu gani, wala limebeba gesi kiasi gani tumboni, na hayo mawili ndiyo modeli inayoyahitaji.