Namba ya programu isomwe kama lebo ya mbegu

MKULIMA makini wa Nansio, wilayani Ukerewe, akinunua mbegu za mahindi dukani hutazama kwanza lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Mbegu zisipoota, lebo hiyo ndiyo ushahidi wake. Programu ya simu nayo ina lebo yake, yaani namba ya toleo, lakini wanaoisoma ni wachache.

Muhogo, chakula kikuu cha Ukerewe, hushambuliwa na batobato na michirizi ya kahawia. Michirizi ni hatari zaidi, kwani mmea waweza kuonekana mzima huku mizizi ikioza ardhini. Ili kumsaidia mkulima, Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na taasisi ya utafiti ya IITA walitengeneza programu iitwayo Nuru. Hukagua jani kwa kamera ya simu na kutaja ugonjwa, hata pasipo mtandao.

Nuru ilijengwa juu ya TensorFlow, programu huria iliyotolewa na Google mwaka 2015. Programu huria yeyote aweza kuisoma na kuibadili. Bila utaratibu wa namba, hakuna ambaye angejua anatumia ipi.

Kwa kawaida namba huwa tatu, mfano 2.4.1. Ya mwisho ikipanda, makosa yamesahihishwa. Ya katikati ikipanda, kuna nyongeza, na kazi za zamani zinaendelea. Ya kwanza ikipanda, mtumiaji ajihadhari. TensorFlow ilipotoka 1.0 ya mwaka 2017 kwenda 2.0 mwaka 2019, kazi nyingi za awali zililazimika kurekebishwa.

Kila toleo hubandikwa alama ya kudumu katika kumbukumbu za mradi. Kanuni ni kwamba toleo lililokwishatoka halibadilishwi kimyakimya. Likiwa na kosa, hutolewa jingine lenye namba mpya.

Simu isiyopata mtandao hubaki na toleo la zamani. Hivyo simu mbili zikitoa majibu tofauti kwa jani moja, afisa ugani aanze kwa kulinganisha namba.

Kikundi kinachochagua pingili za kupanda kiandike daftarini tarehe, shamba, jibu na namba ya toleo. Kosa likigundulika baadaye, kitajua mashamba ya kukagua upya. Vinginevyo, pingili zenye ugonjwa zitapandwa, na hasara itaonekana siku ya kuvuna.