Uga Mtupu Nao Una Maana

OpenMRS, mfumo unaotunza kumbukumbu za wagonjwa katika nchi nyingi, una asili yake Eldoret. Wazo lake lilianza mwaka 2004, pale Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, Marekani, walipozuru mpango wa AMPATH unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya mjini humo. Mwaka 2006 mfumo ukaanza kazi. Ndani yake kuna shughuli ndogo isiyoonekana na mgonjwa ingawa inamhusu sana: kukata mfuatano wa herufi vipande vipande.

Mfumo huo unaweza kupokea taarifa kwa HL7, kanuni za kubadilishana taarifa za afya, ambazo hutenga kila uga, yaani nafasi ya taarifa moja, kwa mstari wima. Huu ni mfano wa kubuni:

PID|||1234||Mfano^Asha||19900101|F||

Tukihesabu PID kuwa sifuri, uga wa 3 ni namba ya mgonjwa, wa 5 jina, wa 7 tarehe ya kuzaliwa, wa 8 jinsia. Nyuga tupu ndizo zinazoziweka nyingine mahali pake.

OpenMRS imeandikwa kwa Java, lugha yenye njia kadhaa za kukata. StringTokenizer, iliyokuwamo tangu toleo la mwaka 1996, huruka nyuga tupu. Hapa itatoa vipande 5 tu, na nafasi ya 3 itashikwa na tarehe ya kuzaliwa. Kompyuta haitalalamika, kosa litapita kimya hadi kwenye faili la mgonjwa.

Njia ya split, iliyokuja mwaka 2002, hutoa vipande 9: hutunza nyuga tupu za katikati na kutupa za mwisho. Ukiiongezea -1, hutoa vyote 11. Ila split husoma kitenganishi kama ruwaza, ambamo mstari wima humaanisha "au". Usipoukinga kwa kuandika "\\|", kila herufi itakatwa peke yake.

Na mstari wima ukiwa sehemu ya maelezo ya daktari? HL7 huuandika \F\, na split haijui kuurejesha. Kwa sababu kama hizo OpenMRS hutumia HAPI, maktaba inayozielewa kanuni hizo za HL7.

Kwa sentensi za kawaida, kuruka nafasi tupu kunafaa. Kwa kumbukumbu za tiba, kwanza hakikisha hakuna uga unaopotea.