Je, Wajua? Maajabu ya Kisicho na Mwenzake

Katika seli za binadamu, kromosomu huenda mbili mbili: jozi 23, nusu za baba na nusu za mama. Ila si kila kiumbe hufuata desturi hiyo.

Je, wajua kwamba…

Nyuki dume hana baba, lakini ana babu? Yai la malkia likirutubishwa hutoa jike mwenye kromosomu 32. Lisiporutubishwa hutoa dume mwenye 16 tu, zote za mama. Padre Johann Dzierzon, mfugaji nyuki wa Silesia, alieleza mwaka 1845 kwamba madume hutokana na mayai yasiyorutubishwa. Babu wa dume, basi, ni mmoja tu: baba wa malkia.

Yupo mdudu mwenye kromosomu moja? Ni sisimizi wa Australia wa jenasi ya *Myrmecia*. Mwaka 1986 watafiti walitangaza kundi ambalo majike wana kromosomu mbili, na madume moja. Chini ya hapo hakuna pa kushukia.

Nzige dume amepungukiwa na kromosomu moja? Nzige wa jangwani, hao hao waliovamia Afrika Mashariki mwaka 2020, jike ana kromosomu 24 na dume 23, maana hana kromosomu X ya pili. Nusu ya mbegu zake hubeba X na kuzaa majike. Nusu hazina, nazo huzaa madume. Jina hilo la X lilitoka kwa Hermann Henking, Mjerumani aliyeona mwaka 1891 kitu kisicho na mwenzake katika seli za mdudu wa jamii ya kunguni, asijue ni nini.

Wanaume ndio wengi wasiotofautisha nyekundu na kijani? Jeni zinazohusika zimo kwenye X. Mwanamke mwenye nakala mbovu huokolewa na X ya pili. Mwanamume ana X moja tu, hana akiba.

Mbali na kromosomu, hata ribosomu pweke si mvivu? Ribosomu huunda protini, na mara nyingi kadhaa husoma uzi mmoja wa RNA kwa pamoja, kama wanafunzi waliobanana kwenye kitabu kimoja. Iliyokuwa peke yake ilidhaniwa haina kazi. Mwaka 2020, watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Frankfurt walionyesha kwamba katika matawi membamba ya seli za ubongo wa panya, ambako nafasi ni finyu, ribosomu moja moja huunda protini nyingi za kwenye maungio ya neva.