Kufungua Kiwanda: Tuanze na Mashine, Mahema Baadaye



Mwezi huu tuongee juu ya sherehe ya kufungua kiwanda. Huku Kasese jambo hili si geni. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alifungua bwawa la umeme la Owen Falls kule Jinja, na kwa ajili ya ziara hiyo mbuga ya Kazinga, jirani yetu hapa Muhokya, ikapewa jina lake. Mwaka 1956 reli ikafika Kasese kuchukua shaba ya Kilembe, iliyokuwa ikiyeyushwa Jinja kwa umeme wa bwawa lile lile. Bila umeme na bila reli, mgodi ungefungua nini? Mgeni angekata utepe tu, akala pilau, akarudi.

Basi wapangaji waanze na mashine. Tanuri la saruji kama la Hima hufika joto la nyuzi 1450 hivi, na hupashwa polepole. Likiharakishwa, matofali ya ndani hupasuka. Tarehe ya mgeni mkubwa isiwakimbize mafundi! Mashine zifanyiwe majaribio kwanza, kisha ndipo kadi ziandikwe.

Sisi wa Muhokya tuna mawe ya chokaa, kwa hiyo hili tulitie mkazo. Chokaa iliyotoka tanurini ikiguswa na maji huchemka, na vumbi lake huunguza macho. Siku ya sherehe watoto huzurura kila mahali, mnawajua. Wawekewe kamba na mtu mzima wa kuwalinda, tena mbali na lundo la chokaa. Maji safi ya kunawa yawe tayari.

Mvua nayo iangaliwe. Mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013 na tena Mei 2020, na wengi wa mafuriko yale ya pili wakaishi kambini hapa Muhokya. Mwezi wa Mei tungeuacha kabisa.

Kuhusu wageni, kawaida viti vya mbele ni vya wakubwa. Sawa, lakini mwenyekiti wa kijiji na akina mama wanaochota maji chini ya kiwanda nao wapewe viti na nafasi ya kuuliza. Hotuba zitafsiriwe kwa Lukonzo na Kiswahili, la sivyo nusu ya watu watapiga makofi bila kuelewa.

Na swali la kwanza liwe hili: uchafu utaenda wapi? Kilembe iliposimama, mabaki ya mawe yake yalibaki Kasese, na maji yenye asidi yakatiririka kutoka humo hadi ndani ya mbuga na kuua majani. Kuanzia 1999 kiwanda cha kobalti kiliyatumia mabaki hayo, kikitumia bakteria kutoa madini. Nacho baadaye kikafungwa.

Swali la pili ni la kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kutafuta ajira. Kwa hiyo vijana, siku hiyo mje na vitambulisho vyenu, na mumuulize meneja kabla mahema hayajakunjwa: nafasi ni ngapi, za ufundi gani, na maombi yanapokelewa wapi?