Unarekodi snea Tabora? Usikimbilie maiki ya bei mbaya

Kwaya imechangishana tangu msimu wa tumbaku uliopita. Studio imelipwa, sare zimepigwa pasi, mpiga drams kaja na fimbo zake. Siku ya kurekodi ni moja tu. Wiki mbili baadaye nyimbo zinarudi: sauti ya kwanza iko poa, kinanda kipo, besi ipo. Lakini snea inalia kama mtu anagonga debe tupu bafuni.

Nimewahi kusikia kazi ya namna hiyo hapa Tabora mjini. Prodyuza hakuwa mvivu, na maiki yake haikuwa ya bei chee. Ilikuwa maiki nzuri kabisa ya kurekodia waimbaji. Shida ni kwamba ilisikia kila kitu: snea, matoazi, ukuta, bati, mpaka bodaboda ya nje.

Na snea ikishaharibika, huwezi kuwaita tena watu 30 warudi, wengine kutoka Sikonge na Urambo. Hela imeshaenda.

Kwa hiyo swali la maiki ya snea ni swali la hela za watu. Habari njema ni kwamba jibu lake si ghali kama wengi wanavyodhani.

Kwanza, snea ni ipi?

Ni ile ngoma fupi inayokaa katikati ya miguu ya mpiga drams. Kwa kawaida ina upana wa inchi 14. Ina ngozi mbili, ya juu inayopigwa na ya chini iliyo nyembamba zaidi. Chini ya hiyo ya pili kuna nyaya zilizojikunja kama springi. Ukipiga juu, nyaya zinatetemeka chini, ndipo unapata ule mlio wa "kraa!".

Ugumu wake uko hapo. Snea ina mshindo mkali sana: karibu na ngozi, pigo moja linaweza kupita desibeli 120. Halafu sentimita chache tu pembeni yake kuna hai-hati, yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kwa mguu. Maiki isiyochagua inachukua vyote.

Maiki za aina mbili

Studio nyingi za mtaani utakuta aina mbili.

Ya kwanza ni dainamiki. Ndani yake kuna utando uliounganishwa na koili ya waya karibu na sumaku. Sauti inasukuma utando, koili inacheza, umeme mdogo unazaliwa. Ni ngumu, haihitaji umeme wa kuiwezesha, inavumilia kelele kubwa, na haishughuliki sana na sauti za mbali.

Ya pili ni kondensa. Utando wake ni mwepesi mno, kwa hiyo inanasa hata pumzi ya mwimbaji. Nyingi zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa au kadi ya sauti, ule wanaouita fantomu. Bila huo, iko kimya.

Watu husikia kwamba kondensa ndiyo "inasikia vizuri", wakajua basi ndiyo bora kwa kila kitu. Kwenye studio kubwa, yenye kuta zilizotibiwa sauti, kondensa kwenye snea inaweza kuleta utamu kweli. Lakini angalia chumba chako.

Chumba chako ndicho kinachoamua

Vyumba vyetu vingi vya kurekodia vina kuta za saruji, sakafu ya tailizi na paa la bati. Vyote hivyo vinarudisha sauti. Pigo moja la snea linagonga ukuta, linarudi, linagonga dari, linarudi tena. Maiki inayosikia sana inarekodi pigo moja na marudio yake yote. Huo ndio mlio wa bafuni.

Ongeza mvua. Kati ya Novemba na Aprili, bati likianza kupigwa na matone, hata wewe mwenyewe husikii simu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: chumba kikiwa kibovu, chagua maiki inayosikia kidogo. Yaani dainamiki, yenye muundo wa kadioidi, inayosikia zaidi mbele na kupuuza nyuma yake.

Mji huu unaijua nguvu ya ngoma kitambo. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, enzi hizo wageni wakipaita Kazeh, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: wanaotoka pwani, wanaokwenda Ujiji, wanaopanda kuelekea ziwa Nyanza. Burton aliandika kwamba mbele ya msafara alitembea kirangozi, na nyuma yake mpagazi akipiga ngoma yenye umbo la saa ya mchanga. Ngoma ile ilitakiwa isikike mbali. Maiki ya snea ina kazi ya kinyume: kuidaka sauti karibu, kabla haijafika ukutani.

Jina utakalosikia kila mahali

Ukiuliza mafundi wa sauti popote duniani, wengi watataja Shure SM57. Ilitoka mwaka 1965 na mpaka leo inatengenezwa. Inashika masafa kuanzia hezi 40 hadi 15,000, na kuna sehemu fulani ya juu inayoinuka kidogo, ambayo inaipa fimbo ule mkwaju wake. Haiogopi kelele, na ikidondoka kwa kawaida unaiokota, kazi inaendelea.

Zipo nyingine za kazi hiyo hiyo, kama Audix i5, au Sennheiser e604 ambayo ni ndogo na hubanwa kwenye ukingo wa ngoma, hivyo huhitaji stendi. Ukipata mojawapo kwa bei nzuri, usijute kukosa 57.

Huna hela? Angalia ile ya kanisani

Hii wengi hawaijui. Ile Shure SM58 yenye kichwa cha mviringo, ambayo mchungaji au mwalimu wa kwaya anaishika kila Jumapili, ni ndugu wa karibu wa SM57. Ilitoka mwaka 1966, na moyo wake umetokana na ubunifu ule ule. Tofauti kubwa iko kwenye kile kichwa cha wavu na sponji yake.

Kama kanisa au bendi ina SM58 orijino, umeshapata maiki ya snea. Isogeze karibu kidogo zaidi, kwa sababu wavu unaiweka mbali na ngozi. Wengine hufungua kichwa kabisa. Inawezekana, ila pigo moja la fimbo lililokosea linaweza kuua utando. Mimi ningeuacha wavu.

Jihadhari na feki

Maiki hizi mbili ni kati ya zinazoigwa sana duniani. Kwa Marekani, SM57 kwa miaka mingi imeuzwa karibu dola 100, kabla ya usafiri na ushuru. Ukiambiwa "mpya, orijino" kwa shilingi elfu 40, jiulize muuzaji anapata faida wapi.

Beba mzani mdogo wa jikoni kama unao. SM57 halisi ina uzito wa gramu 284 hivi, SM58 karibu gramu 298. Nyepesi sana? Rudisha. Uzito peke yake hautoshi kuthibitisha, kwa hiyo omba kuijaribu kando ya maiki unayoiamini kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa ujaribu, umeshajibiwa.

Uiweke wapi?

Hapa ndipo kazi inapatikana au inapotea.

1. Ilete juu ya ukingo wa ngoma, vidole viwili au vitatu kutoka kwenye ngozi. Ni kama sentimita 3 hadi 5.

2. Iinamishe ielekee katikati ya ngozi, lakini isimzuie mpigaji. Muulize. Kama anaogopa kuigonga, atapiga kwa woga.

3. Mgongo wa maiki uelekee hai-hati. Kadioidi haisikii vizuri nyuma, basi tumia udhaifu huo.

4. Rekodi pigo chache, sikiliza, sogeza. Ukielekeza katikati unapata mshindo zaidi; ukielekeza pembeni unapata mvumo wa ngoma zaidi. Ukisogea karibu, besi inaongezeka.

Kama una maiki ya pili, unaweza kuiweka chini ielekee zile nyaya. Ila kumbuka: fimbo inaposukuma ngozi ya juu kuikimbia maiki ya juu, ngozi ya chini inasukumwa kuifuata maiki ya chini. Sauti hizo mbili zinapingana, snea inakuwa nyembamba. Tafuta kitufe cha kugeuza fezi kwenye miksa au programu yako, ukibonyeze kwa maiki moja tu. Snea ikinenepa ghafla, umepatia.

Maiki haitibu snea mbovu

Kabla ya kubonyeza rekodi, kagua ngoma yenyewe. Ngozi iliyobonyea katikati haiwezi kulia vizuri hata kwa maiki ya mamilioni. Kaza skrubu kwa zamu, ukienda upande mmoja kisha wa pili yake, mpaka mlio ufanane kila upande. Nyaya za chini zisilegee. Ikivuma kupita kiasi, kipande cha kitambaa na gundi ya karatasi pembeni ya ngozi kinatosha.

Kwenye kuta ning'iniza mablanketi mazito. Chini ya drams tandika zulia au mkeka.

Mwishoni weka kiwango cha sauti. Mwambie mpigaji apige kama kwaya nzima inaimba, kwa sababu siku yenyewe atapiga kwa nguvu kuliko kwenye majaribio. Acha mapigo makubwa yafike karibu na hasi 10 kwenye mita. Yakigusa sifuri, sauti imepasuka, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa.

Na kama una simu tu?

Usiiweke juu ya snea. Maiki ya simu imetengenezwa kwa maongezi, ikipigwa na mshindo wa karibu inapasuka, halafu simu yenyewe inashusha na kupandisha sauti inavyotaka. Rudi nyuma mita 2 au 3, tafuta programu inayokuruhusu kupanga kiwango mwenyewe, na kama mvua haipo rekodi nje chini ya mwembe. Nje hakuna ukuta wa kurudisha mwangwi.

Kwa nini ujisumbue

Mji huu umetoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Enzi hizo, bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilitegemea mitambo na mafundi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na wanamuziki walipiga wote kwa pamoja. Maiki ikae wapi lilikuwa suala la fundi.

Leo laptop, kadi ya sauti na maiki viko mtaani kwako, na uamuzi ni wako. Kwa hiyo kabla kwaya haijatoa mchango wake, nenda kwenye chumba mtakachorekodia, simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia linarudi, chukua dainamiki, isogeze karibu, na hela itakayobaki nunulieni ngozi mpya ya snea.