Mashine Mpya, Bahari Ile Ile

Wahenga wetu walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hiyo ni ya kweli, na kila mtu wa pwani ameinywa pamoja na maziwa ya mama. Lakini tangu siku niliposhusha majini boti yangu ya mashine, mimi huiongezea neno. Nahodha na awe mmoja, naam. Ila ujuzi uliomo chomboni si lazima uwe wa mtu mmoja, na chombo cha siku hizi hakitoshelezwi na ujuzi wa aina moja.

Mimi ni mtu wa Lamu, na kwa miaka tisa nilisomesha Gesima, katika milima ya Nyamira. Huko ni nchi ya majani chai na migomba, nchi ya mvua za alasiri na baridi ya kumlaza mtu wa pwani na koti lake. Mito ipo, lakini maji ya kubeba chombo hakuna; anayetaka kuona boti hana budi kuteremka mpaka Ziwa Victoria, kwenye Kendu Bay au Homa Bay. Hata hivyo fedha za boti yangu zilitoka huko huko mlimani, shilingi baada ya shilingi, katika mshahara wa mwalimu. Nia yangu ilikuwa nirudi nyumbani nichukue abiria baina ya Lamu na Mokowe, nilee watoto kwa kazi hiyo.

Likizo ya Aprili nilipokwenda kuishusha nilifuatana na rafiki yangu wa Gesima, fundi wa mashine za kusaga unga, ambaye hakuwa amepata kuiona bahari. Nahodha akawa ami yangu, mzee aliyekulia katika majahazi ya tanga. Mmoja aliijua mashine wala hakuijua bahari. Mwingine aliijua bahari kama ua wa nyumba yake, na mashine haikumshughulisha hata kidogo.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 20, na mashine ya nguvu za farasi 15 inayofungwa nyuma, kwenye shetri. Mashine za namna hii si za jana. Tangu mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alikuwa akiuza zake. Lakini ukilinganisha na karne ambazo tanga limetupeleka Arabuni na kuturudisha, mashine bado ni mgeni kwetu.

Jambo la kwanza alilolichagua ami ni saa. Ilikuwa mwezi kumi na tano, bamvua, na kwetu wakati wa bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi na kupwa kiasi cha saa nne. Vijana wa gatini walitaka tutoke asubuhi mapema. Ami akakataa, akasema tutoke saa nane mchana.

"Chombo kipya hujaribiwa maji yakijaa, mwanangu," aliniambia. "Ukipanda fungu maji yakijaa, ngoja kidogo, yatakuinua yenyewe. Ukipanda yakipwa, utapwelewa hapo mpaka yarejee."

Mgeni wangu naye hakukaa kimya. Petroli tuliichanganya na oili maradufu, lita 1 kwa lita 25, kama mwongozo wa mashine ulivyotaka kwa saa 10 za mwanzo. Baada ya hapo ni lita 1 kwa lita 50. Akanikataza kuifungulia mwendo wote. "Mwalimu, hii ni kama ndama wa kulimia," alisema. "Hafungwi jembe kutwa nzima siku ya kwanza." Kisha akaizunguka mashine, akauliza, "Kwetu mashine ya kusaga hupozwa kwa pipa la maji. Hii pipa lake liko wapi?"

Ami akacheka. "Pipa lake ni hili," akaionyesha bahari.

Ndivyo ilivyo. Mashine huvuta maji ya bahari kwa vitundu vilivyo chini, huyazungusha ndani, kisha huyatema nyuma kwa mchirizi mwembamba. Fundi akaona palipo tundu la mchirizi ule, akakaa karibu nalo.

Halafu akauliza mavazi ya kuokolea yako wapi, kwa kuwa yeye hajui kuogelea. Nilikuwa nimenunua ya kutosha, tukavaa sote watatu. Vijana wakatucheka: mzee wa bahari kuvaa boya! Ami hakuwajibu. Akashika ubavu wa boti, akasoma dua ya Nabii Nuhu alipopanda safina, iliyomo katika Sura ya Hud, aya ya 41. Tulipokwisha kuitikia amin akasema, "Dua hii hutaja kwenda na kutia nanga pamoja. Wenye mashine hukumbuka kwenda tu." Akahakikisha nanga imefungwa vizuri na makasia yamo, ndipo tukaondoka.

Tukaelekea Mkanda, ile njia nyembamba ya mikoko baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambayo maji yakipwa vyombo hungoja. Boti ilikwenda vizuri, omo imeinuka kidogo, nami nikaona fahari. Ghafla fundi akapiga kelele, "Mwalimu, haitemi maji!" Nikavuta kamba ya mkononi, mashine ikazimika. Papo hapo mkondo ukaanza kutusukuma mikokoni. Ami alikuwa amekwisha kutupa nanga, ikanasa, tukatulia.

Tulipoinua mashine tuliona mfuko wa plastiki umeziba vile vitundu. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea vitu mwaka 2017, lakini iliyotupwa kabla ya hapo haikuondoka kwa tangazo la serikali. Tukautoa, mashine ikawaka, mchirizi ukarudi.

Fikiri, msomaji. Bila ya fundi, mashine ingeungua. Bila ya ami, tungebanwa kwenye mikoko wakati tukitafuta kilichoharibika. Na lau vyote viwili vingeshindikana, yalibaki yale maboya yaliyochekwa. Bahari haishi zinge, na mashine haikuipunguzia hata moja. Sisi wa pwani hatuhitaji kukumbushwa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba na kuchukua mamia ya watu.

Leo nachukua abiria. Botini mna nanga, makasia, upo wa kutolea maji ya ngama, na boya la kila mtu. Asiyevaa simpandishi. Wako wanaokasirika, wakasema joto, wakasema wao ni wana wa bahari, kisha wakaingia boti ya jirani, na nauli ikaenda nao. Siku nyingine huondoka na viti vitupu, na nyumbani huulizwa kwa nini mfuko ni mwepesi. Hujibu kwamba riziki ni ya Mwenyezi Mungu, lakini roho za abiria ni amana niliyokabidhiwa, na amana huulizwa.